Chumba cha Chini ni cha Wanaume

Nyumba ile ya mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, ilikuwa na jibu moja kwa kila swali gumu: Metrine yupo. Wageni wakija bila taarifa, Metrine yupo. Mtoto wa jirani akitapika kwenye zulia, Metrine yupo. Hakuna aliyewahi kuuliza kama Metrine anataka kuwapo. Basi Metrine ni mimi, na haya nayasema nikiwa na hasira. Anayetaka hadithi ya upole akamtafute mtu mwingine.

Mwaka wa 2016 nilikuwa nimekaa na familia ile muda wa kutosha kujua nani hanywi chai na sukari na nani anadanganya kwamba hanywi. Walikuwa watatu tu: baba mwenye nyumba, madam, na binti yao wa pekee, Nuf, msichana wa miaka kumi na saba. Nuf alishikwa na baridi yabisi akiwa mtoto mdogo. Sisemi ile ya wazee wanaosugua magoti mvua ikikaribia. Hii ilikuwa inamla viungo, magoti, nyonga, vifundo vya mikono, na asubuhi aliamka mgumu kama chapati ya jana. Aliweza kusimama, kushika ukuta na kupiga hatua chache. Ngazi hakuziweza kabisa.

Lakini alikuwa na kiti cha magurudumu cha betri, anakiendesha mwenyewe kwa kirungu kidogo cha mkononi, na nyumba ya Riyadh ilikuwa na lifti iliyowekwa zamani kwa ajili ya bibi yake. Kwa hiyo nyumbani Nuf alikuwa bosi wa nafsi yake. Alishuka anapotaka, alipanda anapotaka, alikuja jikoni kuniibia tende na kuniuliza kwa nini ugali hauna ladha. Tulizungumza Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha shule, na tulielewana kuliko watu wengi wenye lugha moja.

Siku moja lifti ilikufa. Nikachukua leso, nikamfunga mgongoni jinsi tunavyobeba watoto kwetu Webuye, nikampandisha juu. Madam akapiga makofi. Dada yake, Munira, aliyekuwa amekuja kutembea, akatupiga video na kuituma kwa ukoo mzima. Waliofanya kazi za nyumba wanajua: jambo likishawafurahisha wenye nyumba mara moja, linageuka kuwa kazi yako. Lifti ilitengenezwa, lakini mgongo wangu ulikuwa umeshaandikwa kazi ya pili.

Idi ilipokaribia, mabinti wa Munira walitaka kwenda Jeddah, kwenye malahi, ile bustani kubwa ya michezo karibu na Kornishi, barabara ya ufukweni. Nuf alikuwa ameshaenda huko mara moja, akakaa kwenye benchi akilinda mikoba ya wenzake mpaka jioni. Safari hii alisema hataki tena kulinda mikoba. Akaanza kutafuta pa kulala. Alitafuta siku nyingi, simu mkononi, vidole vimevimba, mpaka akapata nyumba za kupangisha zilizo mkabala na geti la bustani. Alipiga simu mwenyewe, akamwomba mtu wa mapokezi ampigie bafu video. Yule mtu alidhani ana wazimu, lakini akampigia.

Akaja jikoni kunionyesha. Chumba kiko chini. Mlangoni hakuna ngazi, pana mteremko. Bafu halina kizingiti.

"Metrine, angalia," akaniambia. "Naweza kutoka kitandani mpaka getini bila kumwita mtu yeyote. Nikichoka narudi nalala saa moja, halafu naenda tena."

Alisema hivyo kama vile mtu anavyokwambia amepata viza ya Canada. Kwa mwenye ugonjwa ule, pa kulala ndipo safari ilipo. Akiumizwa asubuhi wakati wa kutoka nyumbani, siku yake imekwisha, hata ukimpeleka mahali pazuri namna gani. Nilimwambia ni pazuri. Nilifurahi kwelikweli, na kwa ajili yangu pia.

Jioni ile Munira alikuwepo, wanakunywa kahawa sebuleni, mimi nikizungusha vikombe. Nuf akaeleza habari zake. Munira hakumwacha amalize.

"Nyumba za kupanga? Watu wa kila namna wanapita pale," alisema. "Mimi nimeshazungumza na watu wa Obhur, nje kidogo ya Jeddah. Nyumba nzima ufukweni, ukuta mrefu, bwawa la ndani. Wasichana wataogelea bila kuonwa na mtu."

"Ina ngazi?" Nuf akauliza.

"Chini kuna majlisi ya kupokelea wageni, na pembeni chumba cha kulala na bafu, kila kitu kiko sawasawa. Lakini huko ni kwa wanaume. Baba yako, mume wangu, wanangu wa kiume. Wanawake tutakuwa juu, tuna mlango wetu na ngazi zetu kwa upande."

"Basi wanaume walale juu na sisi chini."

Walicheka. Walidhani ni mzaha. Mlango wa mbele ndio wa wanaume na wageni wao, wangewezaje kukatiza wanakolala wanawake kwenda juu? Na msichana ambaye hajaolewa angelalaje chini, ukuta mmoja na binamu zake wanaume? Mimi sidharau mila za watu. Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, na hakuna anayetuambia tumepotoka. Lakini kwetu mila ikigongana na mgonjwa, wazee hukaa chini wakatafuta pa kumpitisha mgonjwa. Hapa hakuna aliyetafuta kitu.

Madam aliweka kikombe chini akasema, "Mnabishania nini? Si Metrine yupo?"

Na hapo mambo yakaisha. Nuf alinitazama, mimi nikatazama birika. Yule msichana alikuwa ametafuta siku zote zile, amepima mpaka mlango wa choo, halafu maneno matatu yakamfuta, na maneno yenyewe yana jina langu ndani.

Familia ilipanda ndege. Mimi nilisafiri kwa gari na mizigo na kile kiti cha betri, dereva akiwa Absalom, Mkenya mwenzangu kutoka Vihiga, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usiojua kufunga breki.

"Sister, hiyo nyumba naijua," aliniambia tulipoiacha Riyadh nyuma. "Niliwahi kupeleka watu huko. Hizo stairs ni za nje, nyembamba, halafu zinakata kona katikati. Hapo utabeba mtu aje?"

"Kwani wewe huwezi kunisaidia?"

"Mimi? Nimguse binti wa watu? Unataka nikamatwe? Mimi ni dereva, hata nikimwona ameanguka naita mwanamke." Akatikisa kichwa. "Lakini kaza tu. Job ni job."

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Munira aliichagua nyumba ile kwa picha za bwawa. Mimi nilizijua ngazi zake kwa uti wa mgongo. Zilikuwa za marumaru, zinateleza, na kwenye kona ilibidi nigeuke kiupande, miguu ya Nuf ikisugua ukuta. Kumbeba mgongoni maana yake ni kumtanua nyonga, na nyonga ndizo zilizokuwa zimeliwa zaidi. Nilimsikia akiuma kitambaa cha abaya yake ili asilie. Munira alikuwa nyuma yetu na simu, anasema mashallah, mashallah, tazameni nguvu za huyu kadama, huyu mtumishi.

Kiti cha betri kilibaki chini kwa sababu hakuna wa kukipandisha. Juu kule Nuf alikuwa mahali alipowekwa. Akitaka maji, aite. Akitaka choo, aite. Binamu zake waliogelea kwenye bwawa na yeye aliwatazama kutoka dirishani. Baba yake alikuwa chini yetu kabisa, tunasikia sauti yake akicheka na wenzake kwenye karata, na hakujua lolote. Munira, shemeji yake, alikuwa juu, kwa hiyo hakupanda. Aliingia kwa mlango wake na sisi kwa mlango wetu. Kila alipouliza kwa simu, aliambiwa Nuf yuko sawa, anapumzika.

Asubuhi nikamshusha. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Kutoka Obhur mpaka bustanini magari yalikuwa yamesongamana, na tulipofika getini Nuf hakuweza kuteremka. Miguu ilikataa. Magoti yalikuwa yamevimba, ya moto, ungedhani yametolewa kwenye sufuria. Ilikuwa siku ya wanawake peke yao, wasichana wanaingia wakicheka, muziki unasikika mpaka kwenye gari.

"Pumzika kidogo, habibti," madam akamwambia. "Ukijisikia vizuri, Metrine atakuleta."

Wakaingia, yeye na Munira na mabinti. Tulibaki ndani ya gari, kipoza hewa kinavuma, Absalom amejibanza nje kivulini. Gurudumu kubwa la bustani lilikuwa linazunguka mbele yetu. Nuf hakulia. Akiwa amefumba macho akasema, "Leo jioni ukatae."

"Nikatae nini?"

"Kunibeba. Waambie hapana."

"Si uwaambie wewe?"

"Nimesema tangu Riyadh. Mimi nikisema, wanasema ni ugonjwa unaongea. Na hata nikigoma, wewe utaambiwa uninyanyue, na utaninyanyua." Akafumbua macho. "Wewe ndiye ngazi yao, Metrine. Ukiwapo, hawatafuti nyingine. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya wanawake. Nikibebwa tena leo, kesho nitakaa hapahapa kwenye gari."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye.

"Wewe ukikataa unaitwa mgonjwa," nikamwambia. "Mimi nikikataa naitwa mkaidi. Narudishwa ofisini Riyadh. Unajua ofisi ya maajenti ilivyo? Tunalazwa kwenye magodoro chumba kimoja, mlango umefungwa kwa nje, mpaka aje kafili, mwajiri mwingine, akuchague kama mbuzi wa sokoni. Nina mtoto Form Two. Unaniomba nini wewe?"

Akasema polepole, "Najua ninachokuomba."

Hakuniambia atanitetea. Hakuahidi kitu. Labda ndiyo sababu nilimsikiliza.

Jioni, baada ya Magharibi, tulirudi Obhur. Absalom aliweka mbao mbili za mteremko, akateremsha kiti, akaondoka haraka kama adabu inavyotaka. Nuf alikiendesha kiti mpaka chini ya ngazi za upande wetu. Madam na Munira walisimama nyuma na mifuko yao ya peremende. Mimi nikajikuta nimechuchumaa mbele yake, mgongo tayari. Mwili ukishazoeshwa haukuulizi. Nikahisi mikono yake haiji. Nikageuka. Alikuwa ameuma mdomo, na macho yake hayakuniomba kitu, yalikuwa yanasubiri tu kuumia.

Bandu bandu huisha gogo. Mimi hapo ndipo gogo langu lilipoishia. Nikasimama.

"Sibebi," nikasema.

"Nini?" madam akauliza.

"Mafi kubeba, madam. Halas. Anaumia. Jana ameumia, leo ameumia, siku nzima ameshinda kwenye gari. Mimi sibebi tena."

Munira alipiga kelele kama aliyekanyagwa. Kadama anasema hapana! Nani amemfundisha? Madam hakupiga kelele. Alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo kwamba nimbebe binti yake sasa hivi ama kesho narudi ofisini. Alikuwa mwanamke mwenye uchovu, na nadhani alimpenda mtoto wake. Lakini mapenzi yake yalikuwa yanapitia mgongo wa mtu mwingine, na hilo hakuwahi kuliona. Nilikunja mikono.

Wakati wananikaripia, kile kiti kikageuka. Nuf alikwenda kwenye mlango wa pembeni unaotenganisha upande wetu na wa wanaume, akausukuma kwa kiti, akaingia majlisi.

Mngelisikia zogo lile. Wanaume wazima waliruka kama kuku walioingiliwa na kicheche. Mmoja wa wana wa Munira alijifunika uso kwa mto, ingawa Nuf alikuwa amevaa abaya na mtandio kama kawaida. Karata zilitawanyika zuliani. Munira nyuma yetu anaita, "Aibu! Aibu!" lakini hawezi kuingia. Mimi niliingia. Nilikuwa nimeshafukuzwa, aibu ya nani tena?

Baba alisimama. "Nuf? Kuna nini?"

"Nataka kulala hapa, baba."

"Hapa? Hapa wako wanaume. Chumba chako si kiko juu? Mama yako alisema kila kitu kimepangwa."

"Kuna ngazi. Metrine ananipandisha mgongoni, kiti kinabaki chini. Nimeumia. Sikuingia bustanini leo, nilikuwa kwenye gari."

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akatazama ule mlango ambao hajawahi kuupita. Machozi yakamlengalenga. Ndipo akafanya jambo ambalo kila baba mwema angefanya, akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Njoo," akasema. "Kuanzia leo nitakubeba mimi mwenyewe. Taratibu. Hutaumia."

"Hapana, baba," Nuf akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapasuka. "Sitaki kubebwa vizuri. Sitaki kubebwa!"

Yule mzee alibaki ameinama, mikono hewani, haina pa kwenda. Kisha akajinyoosha, akawageukia mume wa Munira na wale vijana, akawaambia yalla, okoteni simu zenu, leo mtalala kwingine.

Na mnajua walikwenda kulala wapi? Zile nyumba mkabala na geti. Nuf ndiye aliyewapa namba ya simu. Asubuhi walirudi kula, wakasifu hadi kero: pazuri, karibu na kila kitu, bafu halina hata kizingiti. Nilikuwa namimina chai. Nilitamani kuimimina mahali pengine.

Nuf alilala kwenye chumba cha chini. Aliamka mgumu kama kawaida, akaoga, akajikunjua taratibu, akapanda kiti chake akatoka mpaka barazani peke yake. Nami wakati huo madam alikuwa ananiambia nipange nguo. Absalom angewaacha wao bustanini, kisha anipeleke Riyadh moja kwa moja, ofisini. Alisema hawezi kukaa na mfanyakazi anayemwaibisha mbele ya dada yake. Asante ya punda ni mateke, husemwa, lakini nyumba ile punda ndiye aliyekuwa anapigwa mateke.

Baba alinipita uani. Alisimama, akaniambia, "Allah yaatik al-afya," Mungu akupe afya, yale maneno wanayomwambia mtu aliyemaliza kazi. Akaenda zake. Mambo ya wafanyakazi wa ndani ni ya madam, hakuyaingilia. Aliweza kuwatoa wanaume wenzake usiku kwenye majlisi, lakini hakuweza kumwambia mkewe, mwache huyu mama abaki. Ile afya aliyoniombea sikuijibu.

Nuf aliambiwa wakati wa chai, nikiwa palepale. Alisema, "Mama, hapana, mimi ndiye niliyemwomba." Madam akamjibu kwamba anaweza kubaki pale kugombania kadama siku nzima, au anaweza kuingia kwenye gari aende bustanini, siku ndiyo hii ya mwisho. Nuf akatazama sahani yake. Kisha akasema, "Niletee mtandio wangu, Metrine." Nikamletea.

Tulipofika getini, Absalom alishusha mbao na kiti, akaenda kusimama mbali. Nuf alishika mlango wa gari, akateremsha mguu mmoja, akasubiri maumivu yapite, akateremsha wa pili. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kumdaka.

"Acha," akasema, wala hakusema kwa ukali.

Nikairudisha. Akageuka polepole, akakaa, akashika kile kirungu. Binamu zake walikuwa wametangulia. Mlinzi mwanamke alikuja mbio kumsukuma, Nuf akampungia mkono asimguse, akapanda mteremko wa geti, akaingia. Nilisimama kando ya gari na begi langu ndani. Nilikuwa nangoja ageuke. Nitawaambia ukweli, nilitaka sana ageuke, na nilimkasirikia kwa kutogeuka, na nilijikasirikia mimi kwa kutaka.

"Hata bai hajasema," Absalom akasema aliporudi. "Baada ya yote umefanya. Hawa watu!"

"Nyamaza," nikamwambia. "Amekwenda mwenyewe. Si ndicho tulichokitaka?"

Akawasha gari. Nililia kwa hasira mpaka Taif, na yeye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongea.